Mayi, Makala, Mudogo, Kaye

Saa kumi na moja alfajiri, Kikula, hapa mjini Likasi, bado iko gizani, binti wa jirani yangu ameshatoka na bidoni zake mbili. Ana miaka tisa. Bomba la mtaa wetu hutoa maji kwa saa linazozijua lenyewe, kwa hiyo anayewahi ndiye anayechota. Akipita chini ya dirisha langu namsikia akijisemesha kwa sauti ya chini, neno moja kila baada ya hatua chache: "Mayi, makala, mudogo, kaye." Achote maji, awashe makaa, amnawishe mdogo wake, apange madaftari. Akikuta foleni ndefu, huziacha bidoni mstarini zimshikie nafasi, anakimbia nyumbani kuwasha mbabula, jiko la makaa, kisha anarudi zikiwa zimebakiza watu wawili watatu kufika bombani. Hesabu hiyo ya muda hakufundishwa na mtu.

Mwezi uliopita mama yake aliitwa shuleni. Aliambiwa kwamba binti hasikilizi, anasahau maagizo, anaanza zoezi na halimalizi. Mama alirudi kichwa chini. Tangu siku hiyo swali moja halinitoki: mtoto anayeiendesha alfajiri nzima kichwani mwake anapotelea wapi ikifika saa mbili na nusu darasani?

Wanasaikolojia wana jina la jumla kwa uwezo wa mtu kujiongoza kuelekea lengo alilojiwekea. Mimi nitauita kujisimamia. Adele Diamond wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, katika makala yake ya mwaka 2013 ambayo watafiti wengi huitegemea, anaugawa katika nguzo tatu. Ya kwanza ni kujizuia: mkono umeshanyanyuka kumpiga mwenzio, ukaushusha. Ya pili ni kushika jambo akilini huku ukilifanyia kazi, kama mtoto anayekumbuka chenji anayodaiwa wakati bado anahesabu machungwa. Ya tatu ni kugeuza fikra, yaani kuiona njia nyingine pale ya kwanza inapoziba. Juu ya nguzo hizo ndipo zinapojengwa kupanga kazi, kutatua tatizo na kufikisha jambo mwisho. Eneo la ubongo linalobeba sehemu kubwa ya mzigo huo liko nyuma ya paji la uso, nalo ni miongoni mwa yanayochelewa sana kukomaa: hupiga hatua kubwa kati ya miaka mitatu na mitano, kisha huendelea kujengeka hadi mtu amevuka ishirini. Anayemtaka mtoto wa miaka sita ajitawale kama mtu mzima anamdai kitu ambacho bado hajapewa.

Uzito wa jambo hili hauna shaka. Huko Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia watoto wapatao 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Mwaka 2011 Terrie Moffitt na wenzake walionyesha kwamba waliojizuia vizuri zaidi utotoni walifika umri wa miaka 32 wakiwa na afya bora, fedha zilizotulia na kesi chache mahakamani, hata baada ya kuzingatia akili za darasani na hali ya familia walizotoka.

Lakini jaribio maarufu kuliko yote ni la Walter Mischel, alilolianza katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtoto anawekewa tamutamu moja mezani na kuambiwa: ukisubiri nirudi, utapata mbili. Wengine walisubiri, wengine wakala. Walipokua, ilionekana waliosubiri wamefanya vizuri zaidi masomoni, na dunia ikakimbilia fundisho jepesi kwamba subira ni tabia aliyonayo mtoto au asiyokuwa nayo. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walilirudia jaribio hilo kwa kundi kubwa zaidi la watoto wa Marekani. Walipoingiza katika hesabu hali ya nyumbani na uwezo wa mtoto tangu mwanzo, sehemu kubwa ya tofauti iliyeyuka.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni mdogo, wa watoto 28 tu. Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester waliuchapisha mwaka 2013. Kabla ya kuwekewa tamutamu, kila mtoto alipewa kazi ya kuchora na kuahidiwa kwamba mtu mzima angemletea rangi nzuri zaidi. Nusu yao waliletewa. Nusu nyingine mtu mzima alirudi mikono mitupu, akaomba radhi kwamba rangi hazipo. Kisha ndipo jaribio lenyewe likaanza. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa ahadi walisubiri dakika 3. Watoto walikuwa wa aina moja na ubongo wa aina moja. Kilichowatenga ni neno la mtu mzima. Anayekula tamutamu yake upesi mbele ya mtu aliyekwisha kumdanganya amepiga hesabu sahihi kabisa.

Nikiyasoma hayo nikiwa Likasi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, siwezi kuyaacha yabaki maabara. Mji wetu, kilomita zipatazo 120 kutoka Lubumbashi, ulijengwa juu ya ahadi. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilipoona mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba wafanyakazi wa kupita hawatoshi, iliamua kuwatuliza kambini pamoja na wake na watoto wao. Ikatoa nyumba, posho ya kila familia, zahanati, na shule zilizosimamiwa na wamisionari. Gécamines iliyoirithi baada ya kampuni kutaifishwa mwaka 1967 iliendeleza utaratibu huo. Wazee wa mitaa ya Panda na Shituru hukumbuka siku iliyogawanywa kwa king'ora cha kiwanda, na watu walisema kampuni ni baba na ni mama. Mtoto wa kambi ile alijua posho itakuja lini, shule itafunguliwa lini, na akimaliza masomo ataingia wapi.

Baadaye ahadi ilikatika. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1993 ilishindwa kufika 50,000. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, na watoto waliozaliwa hapa Likasi walilala kituo cha treni wakingoja mabehewa. Mwaka 2003, kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliokaa muda mrefu bila mshahara walipewa fedha ya mkupuo na kuambiwa kwaheri. Baadhi ya watu husema hadi leo kwamba wazee wale hawakujua kupanga. Hukumu hiyo inanichoma. Kwa miaka sabini na zaidi mipango yote ya familia zao ilipangwa na kampuni, kisha siku moja wakadaiwa wawe wapangaji hodari, kwa fedha ambayo haikutosha hata kufidia walichokuwa wakidai.

Watoto wa watoto wao ndio tunaowalea sasa. Wanaishi katika mji ambamo maji huja na kukatika, umeme vilevile, na ambamo mtoto hurudishwa nyumbani kwa mchango ambao jana alisikia kuwa haupo. Wapo pia wanaokwenda migodini. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa nchi. Amnesty International, katika ripoti yake ya Januari 2016, iliwakuta wakiokota, kuosha na kubeba mawe hadi saa 12 kwa siku kwa faranga 1,000 hadi 2,000, huku wakipokea bei ya mnunuzi bila njia yoyote ya kuhakiki uzito wala ubora wa mzigo wao. Nawaza mtoto aliyeosha mawe kutwa nzima mtoni, kisha mzani unasema usemavyo. Anajifunza nini kuhusu kusubiri? Akipata faranga zake na kuzila palepale, amefanya walichofanya wale watoto wa dakika tatu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: tunapotaka kumsaidia mtoto ajisimamie, kazi ya kwanza ni yetu sisi watu wazima, kuwa watu ambao neno lao linasubirika. Ukisema "kesho tutakwenda," nendeni. Usipoweza, mwambie mapema na umweleze sababu, usimwache agundue mwenyewe mlangoni. Mwalimu akisema atasahihisha madaftari Ijumaa, Ijumaa yawe yamesahihishwa, hata kama ni kumi tu. Ni jambo dogo lisilogharimu chochote, na bado ni gumu kuliko kununua kitabu cha mazoezi ya ubongo.

Mwili nao una lake, na hapa lawama za tabia hukosea njia kabisa. Huko Kampala, Chandy John na Michael Boivin waliwafuatilia watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani. Miaka miwili baadaye takriban mmoja kati ya wanne bado alikuwa na upungufu katika utendaji wa akili, hasa katika umakini. Tuna malaria mwaka mzima. Tuna pia vumbi. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Ubelgiji walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa kusini mwa Katanga: wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti kwa kiwango kikubwa mno, watoto kuwazidi watu wazima, na madini mengine pamoja na risasi yakionekana pia. Madhara ya risasi kwa ubongo unaokua yanajulikana vizuri duniani, na umakini na kujizuia ni katika vitu vya kwanza inavyovigusa. Mtoto asiyetulia katika mtaa ulio chini ya moshi wa kiwanda anastahili kulazwa ndani ya chandarua, kupewa uji kabla ya shule, kunawishwa mikono kabla ya kula, na mama kufagia kwa kunyunyiza maji ili vumbi lisipae. Fimbo haitoi risasi mwilini.

Kuhusu fimbo najua nitapingwa, tena na watu ninaowaheshimu. Watasema: sisi tulilelewa kwa utii, na utii ulitufundisha kujizuia. Wana ushahidi. Bettina Lamm, Heidi Keller na wenzao walifanya jaribio la Mischel kwa watoto wa miaka minne wa familia za wakulima Wanso, kaskazini magharibi mwa Kameruni, wakitumia andazi la kwao badala ya tamutamu, na kwa watoto wa mjini Ujerumani. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018, karibu asilimia 70 ya watoto wa Kinso walisubiri hadi mwisho. Wa Ujerumani hawakufika theluthi. Mama wa Kinso humtarajia mtoto atulie na amsikilize mkubwa tangu angali mdogo sana, na mtoto wake anaweza. Malezi yetu ya Kiafrika yana nguvu ambayo vitabu vingi havikuiona, na mzazi wa Kikula asimwachie mtu amwambie kwamba hana cha kufundisha.

Hata hivyo kusubiri ni nguzo moja tu. Mtoto aliyezoea kuambiwa kila hatua anaweza kukaa kimya saa nzima na bado asijue aanze wapi akiachwa peke yake na kazi. Nimewaona vijana wa namna hiyo wakifika mwaka wa kwanza wa chuo: wapole, wenye heshima, na wanaoduwaa mbele ya karatasi yenye swali lisilofanana na lile la daftarini. Kambi ya Union Minière ilikuwa na utii mwingi. Haikumwachia mtu nafasi ya kupanga, na tumeona ilivyokuwa kampuni ilipoondoka. Heshima kwa wakubwa ibaki. Nafasi ya mtoto kuamua jambo lenye ukubwa wa miaka yake iongezwe, na vyote viwili vinaweza kukaa nyumba moja.

Namna ya kuiongeza ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kazi za nyumbani tayari ziko mikononi mwa watoto. Tofauti iko katika namna tunavyowatuma. "Nenda kanunue nyanya mbili na kitunguu" ni agizo. Mtoto hubeba maneno tu. Lakini mpe mtoto wa miaka kumi fedha ya mboga ya sombe ya jioni, mwambie watakula watu sita, mwulize atanunua nini na ataanzia meza ya nani. Atakosea mara ya kwanza. Atarudi na sombe nyingi bila chumvi, na jioni ile mtakula hivyo hivyo, bila kelele. Mara ya tatu atasimama sokoni na kuhesabu vidole kabla ya kufungua mkono.

Michezo yetu nayo isidharauliwe. Kisolo, mchezo wa Waluba wa mashimo na mbegu, ndugu wa bao, unamtaka mtoto ashike hesabu ya mbegu zake na za mwenzake, aone hatua mbili mbele, na aitupe mbinu yake pale mwenzake anapoigundua. Wasichana wakicheza nzango, miguu ikirushwa kwa mdundo wa makofi, kila mmoja analazimika kuuzuia mguu unaotaka kutangulia na kuamua kwa kufumba na kufumbua atoe upi. Na kijana anayetengeneza gari la waya hana karatasi ya mchoro: anajua kwamba ekseli lazima itangulie magurudumu, na akikosa waya mnene anafikiri upya. Diamond amesisitiza kwamba mazoezi ya kompyuta humnoa mtoto hasa katika zoezi lenyewe, na faida hiyo haivuki sana kwenda mambo mengine. Kinachosaidia ni shughuli anayoipenda, inayozidi ugumu kidogo kidogo, inayorudiwa siku nyingi. Mzazi asiye na kompyuta hajakosa kitu hapo.

Narudi darasani, kwa sababu ndiko binti wa jirani alikopotea. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia Mrusi aliyefariki mwaka 1934, aliona kwamba watoto wadogo hujisemesha kwa sauti wanapofanya jambo gumu, na alishikilia kwamba maneno hayo ndiyo usukani: mtoto hujiongoza kwa lugha aliyoongozwa nayo na wakubwa, hadi siku moja sauti inahamia ndani na kuwa fikra. Binti huyu usukani wake ni Kiswahili cha Likasi. "Mayi, makala, mudogo, kaye." Sasa anaketi kwenye benchi moja na wenzake wanne. Tangu elimu ya msingi ya serikali itangazwe bure mwaka 2019 madarasa yamefurika, jambo jema lililokuja bila madawati ya kutosha. Anasikia kwa Kifaransa agizo lenye hatua nne: fungua ukurasa fulani, nakili sentensi, pigia mstari kitenzi, kiandike upya katika wakati ujao. Akiwa bado anatafsiri hatua ya kwanza, ya tatu imeshapita. Nafasi ya akilini ni finyu kwa kila binadamu. Yake imejaa tafsiri, na kazi yenyewe imebaki nje. Kutoka nje anaonekana mtoto asiyesikiliza.

Sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014 inataka lugha za taifa au za mazingira zitumike kufundishia. Vitendo viko nyuma yake, na hata Kiswahili cha vitabu si kile cha nyumbani: kitabu kinasema maji, mtoto anasema mayi. Simlaumu mwalimu mwenye watoto sabini mbele yake na mshahara wa mashaka. Ila najua mambo anayoweza kuyafanya kwa chaki tu. Aandike hatua nne ubaoni, neno moja moja, ili ubao ubebe kile ambacho kichwa cha mtoto hakiwezi. Amtake mmoja ayaseme maagizo upya kwa Kiswahili chake kabla ya darasa kuanza kazi. Asubuhi aseme siku itakwendaje, na iende hivyo.

Hili la mwisho ndilo gumu zaidi, na ushahidi tunao hapa hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 shirika la International Rescue Committee liliwafunza walimu wa shule za msingi mashariki mwa Kongo, Katanga ikiwemo, jinsi ya kuendesha darasa linalomtuliza mtoto aliyepitia vita na dhiki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York, Lawrence Aber miongoni mwao, walipima matokeo. Baada ya mwaka mmoja watoto waliwaona walimu na shule zao kuwa tegemeo zaidi, na usomaji ukainuka kiasi. Lakini hisia kwamba shuleni mambo yanatabirika na watu wanashirikiana haikuinuka. Sishangai. Upole mwalimu anaweza kuutoa moyoni mwake. Utaratibu usioyumba unahitaji mshahara unaofika, vitabu vinavyofika, na kalenda isiyovunjwa na mgomo, na hayo yako mikononi mwa wanaomtuma.

Nilimweleza mama wa binti haya yote jioni moja, tukiwa tumeketi nje, naye akisonga bukari. Hakujibu kitu. Aliuliza tu kama kujisemesha ni ugonjwa, maana alikuwa amemkataza binti asijisemeshe barabarani watu wasimcheke. Nikamwambia amwache.

Juzi alfajiri nilimsikia binti akipita, safari hii wakiwa wawili. Mdogo wake wa miaka mitano alikuwa amebeba kibidoni cha lita tano, na ndiye aliyekuwa akisema: "Makala, mayi…" Akanyamaza. Dada yake hakumsahihisha. Alisimama, akaweka bidoni zake chini, akangoja. Nilihesabu, kwa mazoea tu, nikafika ishirini na kitu. "Hapana," mtoto akasema, "mayi kwanza," na wakaendelea kuelekea bombani.